Mtamba wa Sista Anyes na Mkono Uliopita Kwenye Pazia

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Sista Anyes Mwasyoge atafunga kabati la chanjo la Zahanati ya Isyeto kwa mara ya mwisho na kukabidhi funguo. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na sita, na atakuwa na umri wa miaka sitini, ambao serikali inasema unatosha. Yeye anasema serikali haijamuuliza.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu naitwa Angetile, karani wa takwimu wa zahanati. Mganga mfawidhi alinichagua kwa sababu, alisema, nina mwandiko mzuri. Kama mnavyoona, wasifu umechapwa kwa kompyuta. Kwa hiyo sifa yangu pekee imepotea kabla sijaanza, na naomba mnivumilie.

Sista Anyes alizaliwa Talatala, katika nyumba ya wakulima wa mpunga. Dada zake wanasema alikuwa mvivu wa kuamia ndege. Alipopelekwa shambani kuwafukuza, walimkuta amekaa kwenye tuta akimfunga kuku aliyevunjika mguu kwa kamba ya mgomba, huku ndege wanakula. Ndege wa Talatala walinenepa, na taifa likapata muuguzi. Alisomea uuguzi, akaanza kazi mwaka 1989, na baada ya muda mfupi akaletwa Isyeto. Hapa akakutana na Mwalimu Eliya Mwasyoge, ambaye mwaka ule alianza kuumwa malaria kila wiki, mpaka wazee wakaona nafuu yake ni kuoa. Alioa, akapona. Sista hakuhama tena.

Masika ya kwetu hayahitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kulala Kyela. Mito ikifurika, kasha la chanjo halisubiri maji yapungue. Sista amelivusha kwa mtumbwi, amelibeba kwenye baiskeli, na mara moja alibebwa yeye na kasha lake mgongoni na aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti huyo yupo ukumbini leo. Mkimwona ameshika kiuno wakati kasha linapita, muacheni, ni kumbukumbu.

Ana tabia moja ambayo wageni huiona ajabu. Ukimsalimia barabarani, haanzi na uso wako, anaanza na bega la kulia. Anatafuta lile kovu dogo la chanjo ya utotoni. Akiliona, anatabasamu na kuuliza habari za nyumbani. Asipoliona, salamu zinageuka kuwa upelelezi. Vijana wengi wa hapa hawajui kwamba Sista amesahau majina yao. Mabega yao hajayasahau.

Sasa nieleze jambo ambalo wenyeji wanalijua na wageni waliotoka mbali wanastahili kuelezwa, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini leo kuna pazia ukumbini. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Mkamwana hamtazami mkwe, hasemi naye, hali mbele yake, na jina lake halitamki. Siku hizi vijana wamelegeza, wengine wanachekana na wakwe zao kwenye simu. Lakini Mzee Ambilikile Mwasyoge, baba yake Mwalimu Eliya, hakulegeza, na Sista Anyes naye hakulegeza. Si kwa kuogopana. Ni heshima, na kila mmoja wao aliipokea kwa mwenzake kama mtu anavyopokea salamu, kila siku, kwa miaka yote hiyo, bila kuonana.

Heshima hiyo imenigharimu. Siku moja nilikuwa nimempakia Sista kwenye pikipiki ya zahanati, tunatoka Ipinda. Mbele yetu ikatokea baiskeli, juu yake kofia nyeusi inayojulikana tarafa nzima. Nilisikia pikipiki imekuwa nyepesi. Kugeuka, hakuna Sista. Alikuwa ameruka, kasha mkononi, akatokomea katikati ya mikakao. Mzee akasimamisha baiskeli, akanisalimu kwa utaratibu, akauliza habari za wazazi, za mpunga, za kanisani. Kisha akasema, “Mwanangu Angetile, pikipiki yako siku hizi inamwaga abiria?” Nikamjibu kwamba nilikuwa nimebeba kasha tu. Akalitazama lile tairi la nyuma lililokuwa bado linapumua, akanishukuru kwa Kinyakyusa, “Ndaga. Lisalimie kasha.” Akaenda zake.

Basi tufike mwaka 2022, mwaka ambao Sista Anyes atakumbukwa nao kuliko mingine.

Chanjo ya UVIKO-19 ilikuwa imefika. Kuchanja watoto hakujawahi kumsumbua Sista, kwa kuwa watoto hawaulizwi. Watu wazima wanaulizwa, na wa Isyeto walikuwa na majibu. Wengine walisema ukichanjwa huishi miaka miwili. Wengine walisema wenzao wa upande wa Malawi wameichoma moto. Wengi hawakusema kitu, walikaa tu nyumbani, na huko ndiko kukataa kwa kwetu: hatubishani, hatuji.

Ndipo akaja Hezroni, kijana mstaarabu kutoka mjini, mratibu wa mradi mmoja uliotaka kujua kama watu wazima wanaositasita watakubali kuchanjwa wakipewa motisha. Motisha yenyewe ilikuwa shilingi elfu kumi, unachanjwa, unakaa kidogo tukuangalie, unapewa bahasha, unakwenda. Sisi watumishi tulifurahi. Mimi nilifurahi kuliko wote, mpaka nilipoambiwa watumishi hatulipwi.

Siku ya uzinduzi jua lilikuwa kali, na Hezroni, kwa moyo mwema kabisa, akaenda kuazima turubai. Akalipata upesi, na viti na mabenchi juu yake. Mimi nilishika kamba moja na kusifu kivuli. Turubai lilikuwa la kikundi cha kufa na kuzikana, na limeandikwa hivyo hivyo, kwa herufi nyeupe za kuonekana kutoka barabarani. Chini yake tukapanga meza, na mtu wa kuandika majina, na bahasha.

Wa kwanza kufika alikuwa Bibi Tuntufye, na hakuja kuchanjwa. Alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, analia kwa sauti ya kufungua msiba. Alipofika kati ya mabenchi akatua mkungu na kuuliza, “Mwe, ni nani tena? Mbona hatukusikia?” Kilio chake kiliwaleta wengine wenye mchele na kuni. Kabla ya saa nne tulikuwa na vyakula vya kutosha kuzika mtu mkubwa, na hatukuwa na maiti.

Tulieleza, tukaeleza tena. Lakini watu walikuwa wameshaona. Kwenye msiba wetu kuna turubai, kuna meza, kuna mtu wa kuandika, kuna bahasha za rambirambi. Hapa palikuwa na vyote, isipokuwa bahasha zilikuwa zinatoka badala ya kuingia. Maana yake, wakasema, ni moja: wanatupa rambirambi zetu wenyewe, mapema, tuzile tukiwa bado na meno. Jioni ile neno hilo lilikuwa limefika Ngana, na halikupanda gari.

Nisiseme uongo, wapo waliokuja kwa ajili ya hela. Vijana wa bodaboda walikuja, wakachanjwa, wakaondoka na bahasha kuelekea kituo cha mafuta. Baadhi yetu tuliwacheka. Sista Anyes alitukataza. “Aliyefuata hela naye amechanjwa,” alisema. “Bega halijui limeletwa na nini.” Ila wazee hawakuja, na wazee ndio waliokuwa wanahitajika, maana ugonjwa ule ulikuwa unawachagua.

Hezroni alipiga simu kwa wakubwa zake, wakakubali kuongeza motisha. Akamletea Sista habari hiyo kwa furaha. Sista alimtazama bega kwanza, kama kawaida yake, halafu uso. “Mwanangu,” akamwambia, “hapa ukiongeza bahasha unaongeza jeneza. Turudishe turubai la watu, kisha niache nitembee.”

Akatembea. Mimi nilimfuata na kasha, nikala mbalaga, ndizi zetu za kupika, katika kila nyumba, kazi niliyoifanya kwa bidii. Sista hakuanza na chanjo. Alianza na ndizi zilivyoiva, na mjukuu aliyefaulu, na mguu wa bibi. Mwishoni, mlangoni, ndipo alipouliza. Na karibu kila mlango ulijibu kwa swali moja: Mzee Ambilikile kachanjwa?

Kulikuwa na sababu. Miaka mingi nyuma walikuja watu na mbegu za mpunga za bure, wanakijiji wote wakazipokea, Mzee Ambilikile peke yake akazikataa. Akasema cha bure humla mpokeaji. Mwaka ule kijiji kizima kilivuna makapi, yeye akavuna mpunga. Tangu hapo, kitu chochote cha bure kikifika Isyeto, watu humtazama kwanza yeye. Na sasa kimefika kitu ambacho si cha bure tu, kinakulipa.

Mzee alikuwa na pumu. Mdogo wake wa Ngana alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kifua kikiwa kimembana kwa siku chache tu, na Mzee mwenyewe alikuwa ameanza kukohoa usiku. Mwalimu Eliya alimsikia kutoka nyumba ya pili na hakulala. Alimwomba baba yake akachanjwe. Mzee hakukataa moja kwa moja. Alisema, “Sindano ya mtu nisiyemjua siitaki. Na mtu ninayemjua siruhusiwi kumwona.”

Tulimpeleka Lusungu, muuguzi kijana aliyekuwa amekuja kutusaidia, mpole na mwenye mikono myepesi. Mzee alimpokea vizuri, akampa kiti, akampa ndizi, akamuuliza ukoo wake mpaka kwa babu wa babu, na akamrudisha na sindano yake. “Huyu ni mtoto mzuri,” alisema. “Lakini huyo mkamwana wangu ndiye aliyechanja wajukuu zangu wote, na hakuzika hata mmoja.”

Mnaona alipobanwa Sista Anyes. Asipomchanja, huenda mzee akamfuata mdogo wake, na Isyeto nzima ibaki nyumbani. Akimchanja kwa kuvunja mwiko, halafu mzee akaugua hata mafua, ukoo utasema mkamwana amemuua mkwe kwa mkono wake, na katika nyumba ile hatakuwa na pa kukaa. Siku zile alinipita mlangoni asilitazame bega langu, nikajua mambo ni mazito.

Aliyefungua njia ni wifi yake, Tumpale, dada yake Mwalimu. Tumpale anauza mawese Ipinda na hajawahi kushindwa kuelewana na mteja. Alikwenda kwa baba yake, akarudi kwa wifi yake, akaenda tena. Kila alichopeleka kilirudi na sharti. Mwisho alirudi anacheka. Mzee amesema hivi: mwiko ni wa mtu kuonana na mtu, na mkono si mtu mzima.

Tulikwenda asubuhi. Mlangoni kwa Mzee palitundikwa kitenge kikubwa, mara mbili ili kisionyeshe. Tumpale akasimama katikati kama mpaka wa Kasumulu, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mzee alikaa ndani, Sista akapiga magoti nje, na mimi nilikaa pembeni na kasha, nikiwa na kazi moja tu, kutokupiga chafya. Kitenge kikatikisika. Ukatoka mkono.

Sista Anyes, mwenye kujua mikono ya tarafa nzima, hakuwahi kuuona ule. Aliushika kwa vidole viwili, taratibu sana. Aliupandisha mkono wa shati, akasita kidogo. Juu begani palikuwa na kovu la mviringo, la zamani kuliko ndoa yake, kuliko zahanati yetu. Kovu la chanjo ya ndui.

Akasema kwa sauti, lakini kwa Tumpale, maana kwa Mzee haruhusiwi: “Wifi, mwambie mwenye mkono kwamba mkono wake si mgeni wa sindano.”

Ikaja sauti kutoka ndani, nayo kwa Tumpale: “Mwambie hiyo ni ya wakati wa mkoloni. Yule bwana alitupa chumvi kila mmoja. Chumvi nililamba, na kulia nililia vilevile.”

Tumpale akacheka, mimi nikacheka, na nina hakika kitenge kilicheka. Kumbe habari ya motisha haikuanza na Hezroni. Sista akachanja. Mzee hakulia.

Baada ya chanjo ile mtu anatakiwa akae kidogo aangaliwe. Sista alimwangalia kwa masikio. Alikaa chini, mgongo kwa kitenge, akisikiliza mkwe wake anavyopumua upande wa pili. Kuku alipita kati yao, akaingia, akatoka, ndiye pekee aliyewaona wote wawili. Na muda ulipotimia, Sista akiwa anafunga kasha, sauti ikatoka ndani, na safari hii haikupitia kwa Tumpale.

“Ndaga, mkamwana.”

Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia tangu aolewe. Sista hakujibu, mila hairuhusu. Aliinamisha kichwa mpaka kikagusa udongo, akapiga makofi mawili mepesi, akainuka. Njiani alinitaka nisimamishe pikipiki. Safari hii hakuruka. Alishuka taratibu, akasimama kwenye kivuli cha mikakao, akafuta uso, akarudi kupanda, akaniambia nisipoangalia barabara atanichanja na mimi. (Nilikuwa nimeshachanjwa. Siku nilipochanjwa nilifumba macho na kuimba pambio, na Lusungu anasema niliimba beti zote.)

Hezroni alimpelekea Mzee bahasha yake. Mzee akairudisha kwa adabu. Mtu hulipwa kwa alichofanya, alisema, na yeye alikuwa amekaa tu. Kisha kesho yake asubuhi tukakuta mtamba amefungwa kwenye mti wa mbele ya zahanati, mweusi mwenye baka jeupe begani. Kwa desturi ya ukoo wao, mkwe akiguswa na mkamwana, hata mkono tu, hata kwa pazia, aibu hiyo husafishwa kwa mnyama. Mzee alikuwa ameisafisha.

Hapo ndipo Isyeto ilipochanganyikiwa. Kwenye mashine ya kukoboa mpunga nilisikia kwa masikio yangu mama mmoja anamwambia mwenzake, “Gwe, mjini wanatoa elfu kumi ili uichukue. Mzee Ambilikile katoa mtamba ili aipate. Sasa hapo nani anajua bei ya kitu?” Mwenzake akaacha gunia lake kwenye mizani, akaondoka.

Walikuja wengi siku ile na siku zilizofuata. Walikuja bila turubai. Shida yetu mpya ilikuwa kwamba walikuja na malipo: kuku, mikungu ya ndizi, dagaa. Atupele, mfanyabiashara wa vitenge ambaye nusu ya ukoo wake iko Malawi, alileta doti mbili na shemeji zake wote. Bibi Tuntufye alikuja na mkungu mwingine, safari hii bila kilio. Sista alikuwa anachanja kwa mkono mmoja na kurudisha kuku kwa mwingine. “Chanjo ni bure! Kuku arudi kwao!” Wote walirudi isipokuwa jogoo mmoja ambaye hakudaiwa na mtu, na ambaye watumishi wa zahanati, baada ya kutafakari kwa kina, tulimpa makazi.

Hezroni aliniuliza aandikeje haya kwenye ripoti, kwa sababu fomu yake haikuwa na mahali pa mtamba. Nilimshauri aandike kwamba motisha ilifanya kazi, ila ilielekea upande wa pili. Sijui aliandika nini. Mradi uliisha, bahasha zikaisha, na watu waliendelea kuja. Hezroni yupo nasi leo, amefunga safari kwa gharama zake, na ameahidi hataazima kitu.

Mzee alikohoa msimu ule, akapona. Yule mtamba sasa ni ng'ombe mzima. Ndama wake wa kwanza Sista alimpa wifi Tumpale, kwa kazi ya mpaka. Wengine wanamsubiri nyumbani, pamoja na mikakao yake na shamba la mpunga la Talatala, ambako tunatumaini safari hii atafukuza ndege.

Sista Anyes, zahanati hii inakushukuru. Watoto uliowapokea wanaleta watoto wao, na mabega yao yote ya kulia ni mashahidi wako. Lusungu anachukua kabati lako, na amefundishwa na wewe, kwa hiyo hatuna wasiwasi, ila ameanza kutazama mabega yetu. Ng'ombe wako wakupe maziwa, mikakao ikuzalie, Mwalimu Eliya asianze tena malaria ya kila wiki, na Mungu akupe siku nyingi za kukaa bila kuitwa usiku. Ndaga fijo, asante sana.

Limebaki jambo moja, na nimeombwa niliandike hapa ili ulisome mwenyewe, kwa kuwa mwenye jambo haruhusiwi kukutamkia. Wageni waalikwa wameona pazia upande wa kushoto wa meza kuu. Si pambo, na tunaomba mtu yeyote asilifungue. Nyuma yake kuna kiti, na kofia nyeusi imetundikwa kwenye msumari. Ana umri wa miaka themanini na tisa, na hajawahi kuhudhuria sherehe ambayo wewe upo. Leo alimwambia Tumpale amlete mapema, kabla hujafika.

Kwa hiyo utakapoitwa kupokea zawadi, ya kwanza haitatoka meza kuu. Sogea tu kwenye pazia na upige magoti. Mkono utatoka. Huo unaujua.